Tanzanaiti au kigae? Zungusha, kisha pima

Jiwe lolote la buluu linaloletwa dukani kwangu hapa Mkunazini, Unguja, huwa limeshapewa jina njiani: tanzanaiti. Jina silisikilizi. Nachukua simu.

Ndiyo, simu. Fungua picha nyeupe tupu, pandisha mwanga mpaka mwisho, weka jiwe juu ya kioo, lizungushe taratibu huku unalitazama kwa juu. Mwanga wa simu nyingi umeshachujwa ukaelekea upande mmoja, ndiyo maana tanzanaiti ikizunguka hubadilika: hapa buluu, robo mzunguko zambarau. Isipobadilika, ilaze ubavu ujaribu tena, maana ipo pembe ambayo hata ya kweli hukaa kimya. Kigae cha chupa, hata ukizungushe mpaka adhuhuri, ni buluu ile ile.

Kubadilika peke yake hakutoshi. Yakuti ya buluu nayo hubadilika, na ayolaiti, jiwe jingine linalofanana na tanzanaiti, ndiyo kabisa, kutoka zambarau hadi rangi ya chai iliyozimuliwa. Hapo inaingia mizani ya sonara. Pima jiwe kavu. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, ulining'inize jiwe kwa uzi mwembamba lizame lote bila kugusa popote. Vipovu vikiling'ang'ania, tia tone la sabuni. Gawa uzito wa kwanza kwa namba inayosomeka, upate jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ukubwa ule ule. Jiwe aliloniletea kijana mmoja juzi lilikuwa gramu 1.34, majini likasoma 0.40, jibu ni 3.35. Tanzanaiti hiyo. Ayolaiti ingetoa kama 2.6, yakuti 4.

Inayonisumbua ni forsteraiti ya kiwandani, jiwe la kutengenezwa linaloigiza tanzanaiti, maana inatoa 3.2, karibu mno. Hiyo itazame kwa lenzi ya mara kumi kupitia uso wa juu: kingo za nyuma utaziona mbili mbili, kama una usingizi.

Na anayekwambia kaliokota Pemba, mpe kahawa umsindikize. Tanzanaiti inachimbwa Mererani tu, wilaya ya Simanjiro, huko bara, na imejulikana tangu 1967. Ni silikati ya kalisi na aluminiamu, na buluu yake inatokana na vanadiamu. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia, yakachomwa kwenye nyuzi kama 600 ndipo yakawa hivi. Huo si udanganyifu, ndiyo biashara yenyewe.

Ugumu wake ni kama 6 na nusu kwenye kipimo cha Mohs. Vumbi la barabarani lina chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7, basi pete ya kila siku itachakaa. Mimi humshauri mteja hereni, kipini au kidani. Mwaka wangu wa pili kazini niliitia pete ya tanzanaiti ya bibi harusi kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo, ikatoka na ufa mwembamba kama unywele. Nililipa miezi minne. Sasa ni maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa mtoto. Ukitaka pete ipanuliwe, fundi alitoe jiwe kabla hajawasha moto.

Jiwe lililokwisha kufungwa kwenye dhahabu halipimiki majini. Nunua likiwa tupu, ndiyo ulete tulifunge.