Jinsi ya Kuendesha Kitengo cha Taaluma za Kanda Ndani ya Chama cha Wanazuoni

Vyama vingi vikubwa vya wanazuoni huwagawa wanachama wao katika vitengo, na baadhi ya vitengo hivyo hujengwa juu ya eneo la dunia badala ya somo moja: Amerika ya Kati, Asia ya Kusini-Mashariki, Karibi, Pembe ya Afrika. Humo mwanahistoria, mwanaisimu, mchumi na mtafiti wa fasihi hukutana kwa sababu wote wanatafiti mahali pamoja. Mwongozo huu unamlenga mtu aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti au katibu wa kitengo cha namna hiyo, au anayekusudia kukianzisha. Nimehudumu katika nafasi zote mbili, na jambo ninalolishikilia kuliko yote ni kwamba kitengo cha kanda hupata uzito wake pale kinapoongozwa pamoja na watafiti wanaoishi na kufundisha katika kanda yenyewe. Nia njema haitoshi kulifanikisha hilo. Huamuliwa na kanuni, ratiba na matumizi ya fedha, na ndiyo sababu hatua zinazofuata zinashughulika sana na mambo hayo.

Hatua ya 1: Soma katiba ya chama mama

Kabla ya kuitisha kikao chochote, soma katiba ya chama na kanuni zake kuhusu vitengo, ukiwa na kalamu mkononi. Tafuta majibu ya maswali machache: ni wanachama wangapi wanaohitajika ili kitengo kitambuliwe na kisifutwe, ada ya kitengo hukusanywa na nani na huhifadhiwa wapi, kitengo kimehakikishiwa majopo mangapi (vikao vya mada kadhaa zinazowasilishwa pamoja) katika mkutano mkuu, na je, idadi hiyo hupanda au kushuka kulingana na idadi ya wanachama, taarifa ya mwaka huwasilishwa lini, na je, kitengo kinaruhusiwa kutoa tamko kwa jina lake chenyewe. Majibu usiyoyapata katika maandishi, yaombe kwa barua kutoka sekretarieti ya chama, kisha uhifadhi barua hiyo pamoja na kanuni, kwa kuwa watumishi wa sekretarieti hubadilika na ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa.

Hatua ya 2: Weka mipaka ya kanda kwa maandishi

Mipaka ya kanda inaonekana kuwa jambo lililo wazi hadi unapopokea ikisiri ya kwanza, yaani muhtasari wa mada inayopendekezwa, inayoivuka. Sudan husomwa na wataalamu wa Afrika na wataalamu wa Mashariki ya Kati vilevile. Mtafiti wa biashara ya Bahari ya Hindi huwa na kielelezo kimoja Zanzibar na kingine Oman. Na jamii za wahamiaji wa Haiti zilizoko Montreal au Miami ni sehemu ya historia ya Karibi ingawa haziishi humo. Association for Asian Studies, chama cha wataalamu wa Asia, imelishughulikia suala hili kwa kuwa na mabaraza ya kanda, yakiwemo ya Asia ya Kaskazini-Mashariki, Asia ya Kusini, na Asia ya Kusini-Mashariki. Mgawanyo huo ni uamuzi wa kiutendaji, na kila mgawanyo wa aina hiyo huacha watu mpakani.

Andika aya moja inayotaja nchi zinazohusika, kisha uongeze sentensi inayokaribisha utafiti kuhusu watu, bidhaa na mawazo yanayotoka au kuingia katika kanda. Ninashauri mpaka uwe mpana, kwa sababu kazi inayovuka mipaka mara nyingi ndiyo inayowavuta wanachama wa masomo mbalimbali kukaa katika ukumbi mmoja.

Hatua ya 3: Unda kamati ambayo kanda imo ndani yake

Historia ya vyama hivi inaonyesha gharama ya kulipuuza suala hili. African Studies Association, chama cha wataalamu wa Afrika, ilianzishwa nchini Marekani mwaka 1957, na mwezi Oktoba 1969 vikao vya mkutano wake wa mwaka mjini Montreal vilisimamishwa na wasomi weusi waliodai, pamoja na mambo mengine, uwakilishi sawa katika bodi ya uongozi. Madai hayo hayakukubaliwa kama yalivyowasilishwa, na African Heritage Studies Association, chama cha wasomi weusi kilichoongozwa na mwanahistoria John Henrik Clarke, ikashika njia yake yenyewe. Swali lililoulizwa wakati ule, la nani anayeamua jinsi watu fulani watakavyosomwa, bado linakikabili kila kitengo cha kanda.

Kwa hiyo usisubiri uchaguzi ulete uwiano wenyewe. Kanuni za kitengo ziseme kwamba angalau nusu ya viti vya kamati vinashikiliwa na watu walioajiriwa, au wanaosoma, katika taasisi zilizomo ndani ya kanda. Ninapendelea pia wenyeviti-wenza wawili, mmoja akiwa ndani ya kanda na mwingine nje yake, wakiwa na mamlaka sawa na saini zote mbili zikihitajika kwenye matumizi ya fedha. Tenga kiti kimoja kwa mwanafunzi wa uzamivu, na umpe haki kamili ya kupiga kura.

Muda wa uongozi uwe miaka miwili, lakini nusu ya kamati ichaguliwe mwaka mmoja na nusu nyingine mwaka unaofuata, ili pasiwepo siku ambayo wote ni wageni. Kura ipigwe kwa siri na kwa njia ya mtandao. Uchaguzi unaofanyika ukumbini humpa sauti yule tu aliyemudu nauli. Kwa sababu hiyohiyo, kanuni zihesabu wanaohudhuria kwa mtandao kuwa sehemu ya akidi, na saa za vikao zizungushwe ili usumbufu wa kuamka usiku wa manane usiwaangukie watu walewale kila mara.

Hatua ya 4: Panga mwaka kwa kuhesabu kurudi nyuma

Kazi kubwa inayoonekana ya kitengo ni majopo ya mkutano mkuu. Chukua tarehe ambayo chama kitafunga mapokezi ya mapendekezo, kisha hesabu kurudi nyuma: wiki 2 za kurekebisha majopo pamoja na waandaaji, wiki 3 za kusoma na kupanga alama, wiki 8 za wito wa kutuma ikisiri kuwa wazi. Wito unaotolewa kwa wiki 3 tu huwafikia walewale ambao tayari wanafahamiana. Uandike katika lugha kuu za kanda, si katika lugha ya ofisi ya chama peke yake, na uutume pia kwa wakuu wa idara za vyuo vilivyo mbali na miji mikuu.

Usomaji wa ikisiri ndiyo mahali ambapo uadilifu wa kitengo hupimwa. Ondoa majina kabla ya kuzigawa. Kila ikisiri isomwe na watu wawili wasiowasiliana, wakitumia vigezo vilevile vilivyochapishwa kwenye wito: swali la utafiti lililo wazi, ushahidi unaotokana na kanda, na mchango wake kwa mjadala. Kigezo cha ushahidi nimekiweka kwa makusudi, kwa sababu kuna kazi zinazoitaja kanda kama mfano wa nadharia iliyokwisha kuamuliwa kwingine, na kitengo cha kanda kina haki ya kutaka zaidi ya hapo. Mjumbe asisome ikisiri ya mwanafunzi wake, mwenzake wa idara au mwandishi mwenza, na mgongano huo wa maslahi uandikwe kwenye kumbukumbu hata pale unapoonekana mdogo.

Unapozipanga ikisiri zilizokubaliwa, usiziunganishe kwa nchi. Jopo lenye mada nne kuhusu nchi moja huwa na wasikilizaji wa nchi hiyo tu, ilhali jopo kuhusu ardhi, au mitaala ya shule, au uhamaji wa vibarua, likiwa na mada kutoka nchi tatu tofauti, huwafanya wasikilizaji waanze kulinganisha wenyewe. Hesabu pia muda. Katika kikao cha dakika 90, mada nne za dakika 15 na mchambuzi wa dakika 10 huacha dakika 20 za mjadala, nao ni muda mfupi. Mada tatu huacha dakika 35. Mimi huchagua tatu. Mwenyekiti wa jopo apewe mamlaka ya kumkatiza msemaji yeyote, wa cheo chochote, na asimamie jambo hilo bila kusita.

Hatua ya 5: Shughulikia viza na nauli mapema kuliko programu yenyewe

Mwaka 2004, wanazuoni wa Kuba walinyimwa viza za kuingia Marekani kuhudhuria mkutano mkuu wa Latin American Studies Association, chama cha wataalamu wa Amerika ya Kilatini, uliofanyika Las Vegas, na hali hiyo ikajirudia mwaka 2006, mkutano ulipofanyika San Juan, Puerto Rico. Chama hicho kiliuhamisha mkutano wa mwaka 2007 kutoka Boston na kuupeleka Montreal. Kitengo hakina uwezo wa kuhamisha mkutano, lakini kinaweza kukusanya taarifa za wanachama wake walionyimwa viza na kuziwasilisha kwa bodi kabla haijachagua miji ya miaka ijayo. Uamuzi huo hufanywa mapema mno, na malalamiko yanayokuja baada ya mkataba wa hoteli kutiwa saini hayabadilishi kitu.

Katika ngazi yako, barua ya mwaliko itolewe siku ileile ambayo jopo limethibitishwa. Itaje jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, kichwa cha mada, tarehe, na nani anayegharamia nini. Kuhusu ruzuku za usafiri, lipa tiketi moja kwa moja au toa fedha kabla ya safari. Utaratibu wa kumrudishia mtu gharama baada ya miezi kadhaa unawezekana kwa profesa mwenye akiba, na kwa mhadhiri msaidizi ni sawa na kumnyima. Pale viza inapokataliwa, mada yake iwasilishwe kwa mtandao katika jopo lilelile, jina lake likibaki kwenye programu iliyochapishwa.

Hatua ya 6: Fedha na tuzo

Mweka hazina atoe taarifa ya ukurasa mmoja mara mbili kwa mwaka, ikionyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Tuzo ya makala bora ipokee kazi katika lugha zote kuu za kanda na iwe na waamuzi wanaozisoma lugha hizo. Vinginevyo tangazo la kupokea lugha zote halina maana. Ikiwa fedha hazitoshi kwa tuzo na ruzuku za usafiri kwa pamoja, chagua ruzuku.

Hatua ya 7: Weka utaratibu wa matamko kabla ya siku ya dharura

Siku moja mwanachama atakamatwa, chuo kitafungwa au nyaraka zitapigwa marufuku, na wanachama watataka kitengo kiseme kitu. Middle East Studies Association, chama cha wataalamu wa Mashariki ya Kati kilichoanzishwa mwaka 1966, imekuwa na Kamati ya Uhuru wa Taaluma tangu mwaka 1990, na kamati hiyo huziandikia serikali na vyuo barua kuhusu kesi mahususi. Mfano huo unafaa kuigwa kwa sababu unategemea ukweli uliothibitishwa wa kesi moja, pamoja na ombi lililo wazi kwa mtu mwenye mamlaka ya kulitekeleza. Kanuni zako ziseme nani anaandika rasimu, nani anathibitisha taarifa, kura ngapi zinatosha na jibu litoke ndani ya saa ngapi. Juu ya yote, mhusika mwenyewe au familia yake waulizwe kwanza kama wanataka jina litajwe, maana wao ndio watakaobaki pale baada ya tamko kusomwa.

Hatua ya 8: Kabidhi

Miezi mitatu kabla ya muda wako kuisha, anza kuandaa jalada la makabidhiano: kanuni zenye marekebisho yote, kumbukumbu za vikao, orodha ya wanachama, vigezo na alama za majopo, taarifa za fedha, barua za sekretarieti, na kalenda ya mwaka ikionyesha tarehe ambazo kazi zilifanyika kwa kweli, kandokando ya zile zilizopangwa. Lihifadhi katika akaunti ya kitengo wala si ya mtu binafsi. Kisha kaa na mwenyekiti mpya mnapoandika wito unaofuata, yeye akiwa ndiye anayeandika.