Kuhamishia gia ya pikipiki ya zamani mkononi

Fimbo ya gia ndiyo kazi ndogo hapa. Kinachosumbua ni klachi: mkono wa kushoto ukishika fimbo, hauwezi kubana klachi ya kwenye usukani wakati huohuo. Amua kwanza klachi itakaa wapi, mguuni au juu ya fimbo yenyewe.

Harley-Davidson kubwa za kabla ya 1952 zilitoka kiwandani zikiwa na gia ya mkono na klachi ya mguu, na kanyagio lake lilikuwa na washa (pete bapa) za msuguano zinazolishikilia pale ulipoliacha. Kanyagio la springi tupu halina huruma hiyo. Ukiinua mguu wa kushoto uuweke ardhini wakati gia imeingia, pikipiki inaondoka. Kwa maoni yetu, kwa giaboksi ya kawaida ya kubadilisha gia mojamoja, ni salama zaidi kufunga kishikio cha klachi juu ya fimbo: vidole vinabana, mkono unasukuma, mguu unabaki huru.

Fimbo sasa. Usichomelee chochote kwenye shafti ya gia ikiwa bado ndani ya injini. Joto litaua sili ya mafuta. Chukua pedali ya gia ya zamani, ya chuma (ya aluminiamu haifai), ikate ubakize kichwa chenye meno na bolti yake ya kubana. Saga kromu yote iishe kabla ya kuchomelea, maana moshi wake ni sumu na hudhoofisha kiungo. Fimbo ya chuma ya milimita 12, urefu wa 300 hadi 350, inatosha. Chomelea nukta mbili tu, ivishe kwenye shafti, kaa kitini, kata usukani kulia na kushoto mpaka mwisho, uone kama inagusa tanki au goti. Ikikaa sawa, itoe ukamalize kuchomelea mezani.

Urefu una hesabu yake. Pedali ya milimita 130 ambayo ncha yake husogea 30 ikibadilishwa na fimbo ya 350, ncha itasogea kama 80. Gia inakuwa laini, lakini nguvu ya mkono wako nayo inazidishwa karibu mara tatu ukilinganisha na pedali. Ukiilazimisha unapinda uma za gia, vile vipande vya ndani vinavyosukuma gia. Fimbo ndefu na nzito ina kasoro nyingine: ikilala nyuma, uzito wake unaishinda springi ya kurudisha, shafti hairudi katikati na gia inayofuata haishiki. Watu hufungua giaboksi bure wakitafuta ubovu huo. Isimamishe wima ikiwa imetulia, na kirungu chake kiwe chepesi.

Kama pedali ilielekea mbele moja kwa moja kwenye shafti, kukanyaga chini sasa ni kusukuma mbele, na kuinua ni kuvuta nyuma.

Ukichagua klachi ya mguu, kwanza pima waya wa klachi unavutwa kiasi gani ukibana kishikio cha zamani. Tuseme ni milimita 10. Waya ukifungwa milimita 40 kutoka kwenye ekseli ya kanyagio, na unyayo ukae kwenye 160, mguu utasogea 40. Weka bolti ya kuzuia kanyagio lisipite hapo, la sivyo mguu utakata waya. Acha milimita 10 za kulegea pale unapokanyaga. Bila hiyo klachi itateleza na sahani zitaungua.

Jaribu injini ikiwa imezimwa na gurudumu la nyuma limeinuliwa. Zungusha gurudumu kwa mkono huku ukipitisha gia zote kwenda na kurudi. Lisipozunguka, baadhi zitagoma kuingia hata kama kila kitu ni kizima. Kisha washa, hakikisha klachi inaachia kabisa, uende uwanja tambarare usio na watu. Zoea kurudisha nyutro kabla hujasimama. Mlima uache kwa siku nyingine.