Besi ya chini: venye unaeza kupima wufa yako kabla ukimbilie kununua ingine

Kama umekaa Kisumu unaijua ngurumo ya jioni. Mawingu yanakusanyika upande wa ziwa, mwanga unapiga, unahesabu moja mbili tatu, alafu inakuja kitu ya chini sana, haina kelele vile lakini glasi ya dirisha inatetemeka na kifua chako kinajua kuna kitu imepita, na inaisha polepole ikielekea Nyando huko. Hio ndio besi ya chini. Sasa chukua nganya, ile matatu ya muziki mkubwa, ikipanda Kondele na ile duf duf duf yake, noti ni moja tu inajirudia, hio pia ni besi na mimi siichukii, lakini ni ya juu kidogo, imesukumwa ndio isikike kabla gari halijafika stage. Homu thieta yako inafaa kuweza ile ya kwanza. Nyingi zenye nimeskia huku mitaani zimesetiwa zifanye ya pili, na mwenyewe akiona hatosheki anaenda kutafuta wufa (spika ya besi) kubwa zaidi, na shida mara mingi iko kwa nyumba na kwa seti.

Anza kwa kugeuza hio mashine uangalie nyuma. Mbele kuna stika ya PMPO (wati za kujisifu tu) elfu kumi na ngapi sijui, wachana na hio namba kabisa. Nyuma kuna kibandiko cha stima, 240V 50Hz na wati zenye inakula. Kama inakula wati 60 haiwezi ikatoa wati elfu moja mfululizo kwa spika, zitatoka wapi? Dukani uliza RMS, wati zenye inatoa mfululizo. Na hata RMS isikutishe sana, ukidabo wati unaongeza desibeli 3 tu, na ndio sikio lisikie sauti imekuwa mara mbili unahitaji karibu wati mara kumi. Kitu yenye inaamua besi ya chini ni hewa, koni, ile sehemu ya spika yenye inatembea mbele na nyuma, inasukuma hewa kiasi gani. Ukishuka kutoka 40 Hz hadi 20 Hz (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ikishuka besi inashuka), koni lazima itembee mara nne zaidi ndio sauti ibaki pale pale. Kakoni ka inchi nne ndani ya kaboksi ka plastiki hakana hio nafasi ya kutembea, ata ukakasifu namna gani.

Alafu zima kila kitu inaongeza besi. Kwa simu, kwa tivi, kwa rimoti, ikwalaiza yote flati. Bluututhi haina neno, besi inapita vizuri tu. Mahali watu hupotezea besi bila kujua ni kwa muvi. Kwa 5.1, yaani sauti ya spika tano na wufa, ile pointi moja ni chaneli yake ya peke yake ya mingurumo na milipuko, inafika mpaka 120 Hz, na sauti ikibanwa ikuwe ya spika mbili hio chaneli kawaida inatupwa tu. Kwa hivyo muvi ya kuwekewa kwa flashi ikiwa ni stereo, au tivi yako ikiwa imesetiwa kutoa PCM ya stereo, utangoja besi yenye haiko. Ingia kwa seti za sauti za tivi, tafuta bitstream au Dolby, zenye zinapitisha 5.1 bila kuibana, na utumie HDMI ya ARC au waya ya optiko kama mashine yako inakubali. Zile waya nyekundu na nyeupe haziwezi kubeba 5.1.

Sasa toni. Tafuta faili za toni safi au pakua programu ya bure ya kutoa toni kwa simu, unganisha na mashine, volyumu iwe chini, CHINI kabisa, na nasema hivi juu wufa yangu ya kwanza niliiua na toni ya 20 Hz. Nilikuwa siskii kitu nikadhani haijashika, nikaendelea kuzungusha volyumu, na kumbe koni ilikuwa inaruka kama kitu imeshikwa na mapepo, harufu ya koili ikanifikia kabla ya sauti. Iliniuma sana, nilikuwa nimeweka pesa miezi. Sikio la mwanadamu ni zito huko chini, toni ya 20 Hz inahitaji karibu desibeli 78 ndio uanze tu kuiskia, wakati ile ya 1000 Hz unaiskia karibu na sufuri. Wanasayansi Fletcher na Munson walionyesha hii mambo ya masikio Marekani tangu 1933. Kwa hivyo anza na 100 Hz, iwe kama mtu anaongea kawaida, alafu usiguse volyumu tena, shuka 80, 60, 50, 40, 35, 30, na uandike kwa karatasi penye inakuwa kubwa, penye inapotea na penye inaanza kukoroma.

Wufa yenye iko na tundu ujue kitu moja. Hilo tundu linasaidia mpaka Hz flani, wufa nyingi za kawaida ni hapo 40 kuenda juu, na ukishuka chini yake hewa haizuii koni tena, inatembea vile inataka. Ukiskia upepo unapiga fuu fuu kwa tundu au koni inagonga tak tak, simama hapo hapo, hapo ndio mwisho wa wufa yako na sio aibu. Na kama umeweka 25 Hz na unaskia muziki kabisa, sauti wazi yenye unaeza kuiimba, kuna uwezekano mkubwa unaskia 50 yenye wufa imetunga yenyewe kwa kuchoka. 25 ya ukweli inakuwa kama presha hivi, unaishika na sakafu na mbavu kuliko masikio. Pia pause toni uskilize kama kuna ule mvumo haukomi. Huo ni wa stima, stima yetu ni 50 Hz, na waya mbaya ya ardhi au waya ya sauti imelala juu ya waya ya stima inauingiza kwa spika. Tenganisha hizo waya kwanza.

Wakati toni inapita mwambie mtu azunguke nyumba akishika shika vitu. Wufa nyingi husingiziwa makosa ya sufuria. Sufuria kwa raki, glasi za kabati, fremu ya picha ya harusi, grili ya dirisha, mlango wa chuma wenye kufuli imening'inia, na kama huna siling bodi mabati yenyewe, msumari mmoja umelegea unaimba kwa 45 Hz wimbo wote. Weka kitambaa, kaza msumari, chini ya wufa weka vipande vinne vya akala au slipas zilizoisha. Utashangaa besi imekuwa safi bila kununua kitu.

Sasa kuna hii yenye mimi naona ndio kipimo kizuri kuliko toni zote, na iko kwa simu yako tayari. Weka benga. Gita ya besi kwa benga haikai noti moja, inatembea, inapanda inashuka inaongea na gita ya solo, kwa hivyo fuata hio besi peke yake na ujiulize: noti zote zinatoka sawa ama kuna moja inapiga kelele kushinda wenzake? Na ingine imemezwa? Uzi wa chini kabisa wa gita ya besi ya nyuzi nne ni E, kama 41 Hz, unaofuata ni A, 55 Hz. Nyumba ya ten by ten ina mita 3 na kidogo kila upande, na wimbi la 56 Hz hivi, nusu yake inaingia pale katikati ya kuta mbili kisawasawa, linarudi linapigana na lenyewe, kwa hivyo A inavimba. Mbaya zaidi chumba kikiwa mraba pande zote mbili zinavimbisha noti ile ile. Futi 14 inakuja kama 40 Hz, hapo ni E ndio itakusumbua. Pima chumba chako kwa mita, gawanya 343 kwa mara mbili ya urefu, utapata namba yako. Ukishajua huwezi tena kulaumu wufa. Baada ya benga weka ohangla, ngoma zenyewe, na uskilize zinasimama namna gani. Ngoma ikipigwa inafaa iingie na itoke, ikibaki inavuma vuma kwa kona hadi ingine inakuja, hio ni chumba inaongea.

Dawa ni kuhamisha, na njia yake inachekesha watu lakini inafanya. Beba wufa uiweke penye huwa unakaaga ukitazama muvi, juu ya kiti kabisa kama inatoshea, cheza ile benga irudie rudie, alafu wewe piga magoti utambae kando ya kuta na kichwa kikiwa chini penye wufa ingekaa. Kuna mahali besi itapotea yote, kuna mahali itavimba, na kuna mahali utaskia kila noti imekaa sawa. Weka alama hapo, rudisha wufa iwe hapo, urudi kwa kiti chako. Watoto wangu walicheka wakatambaa na mimi. Kona inaongeza nguvu sana na kama wufa ni ndogo inaeza kuwa msaada, lakini mara mingi inaongeza ile noti moja tu. Na kiti chako kisikae katikati kabisa ya chumba, pale lile wimbi la kwanza linakuwa karibu sufuri, wala mgongo usigande kwa ukuta. Songa hata futi moja na nusu uone tofauti.

Nyumba ya mabati na mbao inaachilia besi itoke nje, haivimbi sana lakini pia haijai. Nyumba ya mawe inaishika yote. Kapeti na pazia nazipenda kwa sauti ya juu, lakini kwa 40 Hz pazia haifanyi kitu, wimbi lenyewe ni mita 8 na nusu. Sofa kubwa za sponji angalau zinapunguza kidogo.

Krosova, ile mpaka penye spika ndogo zinaachia wufa kazi, iweke 80 Hz kama mashine inakupea nafasi, spika zako ndogo zikiwa ndogo sana panda 100 au 120, ukipita hapo utaanza kuskia wufa iko wapi na sauti za watu zinatokea pembeni. Ile swichi ya feizi, 0 na 180, yenye inageuza koni isukume ama ivute kwanza, cheza benga tena mtu ageuze ukiwa umekaa, acha penye besi imejaa zaidi. Volyumu ya wufa iseti na taarifa ya habari: mwanaume akisoma habari na anasikika kama anaongea ndani ya pipa, punguza mpaka arudi kuwa mtu. Watu wengi hawaamini venye hapo ni chini.

Ukimaliza kaa chini sasa ufurahie. Mimi chaguo langu ni Jumapili mchana nikitoka soko la Kibuye, watu wengi wako nje, dirisha wazi. Mvua ikigonga mabati usijisumbue, hutaskia chochote na utaongeza volyumu bure. Usiku ukicheza chini besi inapotea kwanza juu ya ile mambo ya masikio, kwa hivyo kama mashine iko na kitufe cha laudnesi, kile cha kuongeza besi volyumu ikiwa chini, hapo ndio pahali pake. Lakini kumbuka ukuta unazuia sauti ya juu na kuachilia ya chini, wewe unaona ni tamu, mama jirani anapata tu mtetemo bila wimbo. Sheria ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ya 2009 inagusa kelele na mtetemo pia, ila kabla mambo ifike huko mimi nilienda nikagonga nikamwambia, "Mama, samahani, naweka sauti, ikikufikia nishtue." Akaketi kwake, nikacheza, akanitumia meseji nipunguze, nikapunguza, na hapo ndio alama iko mpaka leo na kakaratasi nimebandika kando ya kitufe.

Na ikianza kunguruma upande wa ziwa chomoa kila kitu, plagi ya stima na waya ya eriali, usizime tu kwa switchi. Stima ikirudi acha tivi gadi ihesabu dakika zake kwanza.