Ukitaka kifaa chako kifike maonyesho ya KATTI

Nafundisha umeme katika chuo cha ufundi hapa Mombasa, na msimu wa maonyesho ukikaribia wanafunzi hunijia na swali lile lile: mwalimu, tutengeneze nini? Swali hilo liacheni kwanza. Ulizeni ni nani mtaani kwenu anayeumia mkono, anayeozewa na bidhaa, au anayefanya kwa saa tatu kazi ya nusu saa.

KATTI ni chama cha taasisi za mafunzo ya kiufundi nchini Kenya. Huwaleta pamoja wakuu wa vyuo vya umma, kuanzia politekniki za kitaifa hadi vyuo vidogo vya mashinani. Wengi wenu mnakijua kwa mpira na michezo ya kuigiza, lakini maonyesho ya teknolojia na mashindano ya roboti pia ni yake. Unaanzia chuoni, unapita kanda, ndipo taifa. Huendi kama fulani bin fulani. Unaenda kwa jina la chuo. Kwa hiyo mwone mkuu wa idara mapema. Usafiri na vifaa vinategemea bajeti ya chuo, na bajeti ya chuo haijawahi kumkimbilia mtu.

Tuchukue mfano wa mbuzi ya nazi yenye mota. Mashine za kukunia nazi zipo sokoni tayari, kwa hiyo usiende kwa waamuzi ukidai umevumbua. Watakuuliza yako ina tofauti gani na ile ya sokoni, na jibu lazima lionekane kwenye chuma, si mdomoni. Kinga ya vidole ni jibu. Swichi inayokata stima mtu akifungua kifuniko ni jibu. Taa za rangi zinazowakawaka si jibu, hata kama wenzako wamezishangilia bwenini.

Hapa ndipo wengi hukwama: mwendo. Mota ya induksheni yenye nguzo nne za sumaku, kwa stima yetu ya hezi 50, huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika. Ukiifunga meno moja kwa moja, machicha yataruka hadi ukutani na kifuu kitakuponyoka mkononi. Weka puli ya milimita 50 kwenye mota na ya milimita 150 kwenye shafti ya meno, uziunganishe kwa mkanda. Mwendo utashuka hadi karibu mara 480, na nguvu ya kusokota itaongezeka. Meno na bakuli viwe vya chuma kisichoshika kutu. Usipake rangi popote nazi inapogusa, maana rangi ikibanduka inaishia kwenye tui. Bodi ya chuma iungwe waya wa arthi bila mjadala. Mikono ya mkuna nazi huwa imelowa.

Kisha shika daftari. Mpe mama mmoja anayeuza wali wa nazi akune kwa mbuzi ya kawaida kwa dakika kumi, halafu akune kwa mashine kwa muda uo huo, na uandike nazi ngapi kila upande. Rudia siku nyingine. Andika pia iliponasa, na ulifanya nini. Hifadhi risiti za mota, puli, mkanda na uchomeleaji, ujumlishe, ugawanye kwa kile mama anachookoa kwa siku. Ukijua mashine itajilipa baada ya siku ngapi, umeshamjibu mwamuzi kabla hajauliza.

Safari huua vifaa vingi kuliko waamuzi. Kaza nati kwa wosha za springi, fungua mkanda upumzike, beba fyuzi, waya, solda na ekstensheni yako mwenyewe. Beba na nazi. Ukipelekwa Nyeri au Eldoret usidhani utazikuta kibandani kama kwetu, na ukizikuta bei itakuliza.

Mezani wawe wawili: mmoja anakuna, mwingine anaeleza. Anza na mama na mkono wake, mota baadaye. Mwanafunzi anayeanza na volti humchosha msikilizaji kabla mashine haijawaka.

Kuna jambo moja ambalo vyuo hulizungumza kwa haraka mno. Kabla hujaonyesha hadharani, pita KIPI, ofisi inayosajili mali ya viwandani. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, hulindwa miaka 20, lakini kwa kifaa kilichoboreshwa kama hiki, cheti cha modeli ya matumizi, cha miaka 10, mara nyingi kinafaa zaidi. Na kwa kuwa umetumia karakana, vyuma na muda wa mwalimu, kubalianeni na chuo kwa maandishi: jina la nani litaandikwa, na ikiuzwa nani anapata nini. Wekeni sahihi, kila mtu abaki na nakala yake, mwalimu akiwamo.