Gitaa lenye tremolo ya kufunga: anzia mgongoni

Magitaa yenye briji ya Floyd Rose, ile tremolo ya kufunga inayoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, yanayoletwa mezani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, huja na lalamiko moja: halishiki tyuni. Mengi ni ya kwaya na bendi za makanisa, yamenunuliwa yakiwa yameshatumika, na mwenyewe keshazungusha funguo za kichwani mpaka vidole vinamuuma. Shida haiko kichwani. Briji hii haikupigiliwa kwenye mwili wa gitaa. Imeegemea nguzo mbili kwa makali mawili membamba. Mbele inavutwa na nyuzi sita, nyuma inavutwa na springi zilizojificha mgongoni. Ni mizani kama ile ya muuza maharage: ukikaza uzi mmoja, briji inainuka kidogo na nyuzi tano zilizobaki zinalegea. Ndiyo maana mtu anatyuni tangu ibada ya kwanza inapoisha mpaka ya pili inapoanza na bado anazunguka palepale.

Mmarekani Floyd Rose aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1970 ili mpigaji aweze kuzamisha sauti kwa ule mkono wa chuma, auachie, na nyuzi zirudi mahali pake. Inafanya hivyo kweli. Ila inataka kazi ifuate mpangilio.

Tafuta kwanza vile vispana vya L vyenye pembe sita. Kwenye Floyd Rose yenyewe, vibano vya briji na vya shingoni vinachukua milimita 3, na skrubu za kusogeza matandiko, vile vipande vidogo vya briji ambavyo kila kimoja kinashika uzi wake, zinachukua 2.5. Za kuiga zina vipimo vyake; kijaribu kispana kama kinakaa vizuri kabla ya kukaza, maana skrubu ikishalika pembe utaitoa kwa kuitoboa. Ongeza bisibisi ya nyota, plaizi ya kukatia, rula ya chuma, na simu yenye programu ya kutyuni.

Legeza vibano vitatu vya shingoni, fungua kifuniko cha mgongoni, halafu toa nyuzi. Kabla hazijalegea kabisa, kunja kitambaa kigumu au panga kadi za zamani, uzisukume chini ya mkia wa briji ili isizame. Unene utaujua kwa macho: litazame gitaa kwa ubavu, bamba la briji liwe sambamba na mwili.

Briji ikiwa wazi, kagua yale makali mawili. Pitisha ukucha taratibu pale yanapogusa nguzo. Ukucha ukinasa kwenye kishimo, huenda kuna mtu alipandisha au kushusha nguzo huku nyuzi zimekaza, chuma kikasaga chuma. Makali ya namna hiyo hayarudi mahali pamoja mara mbili, na hakuna kutyuni kutakakoyaponya. Badilisha bamba au nguzo. Yakiwa mazima, tone la mafuta ya cherehani kila upande linatosha.

Kuvalisha nyuzi, wengi wanakata kile kipete cha mwisho na kubana ncha kwenye tandiko. Ukikata, kata na ile sehemu iliyosokotwa, la sivyo kibano hakishiki. Mimi navalisha kinyume: kipete nakiacha kichwani, ncha tupu ndiyo inashuka kwenye briji, na naacha mizunguko kadhaa ya ziada kwenye ufunguo. Uzi ukikatikia kwenye tandiko, na mara nyingi hukatikia hapo, nashusha kipande kidogo, nabana, naendelea. Huku kwetu, ambako uzi mmoja mmoja si rahisi kuupata na unalazimika kununua seti nzima, hilo si jambo dogo.

Sasa kwenye mizani yenyewe. Mgongoni utaona kipande cha chuma kilichoshika springi, kimeingizwa kwenye mbao kwa skrubu mbili ndefu. Zikaze zote mbili kwa kulingana mpaka uone briji imekilalia kile kitambaa kwa nguvu. Tyuni nyuzi zote sita kwa E, A, D, G, B, E. Kwa kuwa briji imelala na haichezi, kila uzi utabaki ulipouweka. Zivute kwa vidole, tyuni tena, vuta tena, mpaka ziache kushuka. Kisha geuka mgongoni, legeza zile skrubu mbili robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku mkono mwingine ukikigusagusa kitambaa. Itafika mahali kitambaa kinateleza chenyewe bila kuvutwa. Simama hapohapo. Briji iko sambamba, nyuzi ziko kwenye tyuni, na hukuzunguka hata mara moja.

Ukihama kutoka nyuzi za 9 kwenda za 10, ambazo ni nene zaidi, au kwaya ikikuomba mshuke nusu sauti, kazi hii inarudiwa, kwa sababu mvuto wa mbele umebadilika. Usimkubali anayekwambia atageuza funguo tu.

Kimo cha nyuzi juu ya freti ni kazi nyepesi. Legeza nyuzi kwanza, ndipo uzungushe nguzo. Kwenye freti ya 12 mimi naacha milimita 1.5 chini ya uzi mwembamba na 2 chini ya uzi mnene. Kama nyuzi zinagongagonga freti za mwanzo tu, angalia shingo imenyooka kupita kiasi: bana uzi freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, kati yake pabaki uwazi wa kupitisha karatasi nene, kama milimita 0.2.

Halafu linganisha sauti ya uzi ukiugusa tu juu ya freti ya 12 na sauti yake ukiubana hapo. Ya kubana ikiwa juu, tandiko lirudi nyuma. Ikiwa chini, lije mbele. Lazima uulegeze uzi kila unaposogeza. Inachosha, sikufichi.

Kufunga ndiko kunakowaponza watu. Weka skrubu ndogo za kutyunia briji katikati ya safari yake, tyuni, ndipo ubane vibano vya shingoni. Ukiona sauti inapanda wakati unabana, usilaumu kibano; kile kichuma kinacholala juu ya nyuzi karibu na kichwa kiko juu mno. Kikaze kishuke, nyuzi zilale kabisa kwenye kitako cha vibano kabla ya kubanwa. Na usikaze kama unafunga tairi la fuso.

Juni na Julai usifunge gitaa ambalo limetoka nje asubuhi na baridi yake. Liache ndani, lipige kidogo, lipate joto, ndipo ubane. Nyuzi za baridi zikipata joto hushuka, na zile skrubu ndogo zina mwisho wake.

Kwa wapiga sebene na mapambio, neno la kweli: mkono ule hamuuhitaji sana, na uzi ukikatika katikati ya wimbo mizani nzima inaanguka, nyuzi tano zinapanda, mnabaki mnatazamana na mpiga besi. Nenda kwa mafundi seremala, omba kipande cha mninga. Paini ya Sao Hill ni laini, itabonyea. Kichonge kikae kati ya tofali la briji, kile chuma kizito kinachoning'inia chini yake na kushikwa na springi, na ukuta wa mbao ulio upande wa shingo, kwa unene unaoiacha briji sambamba, kisha kaza springi kidogo zikibane. Mkono bado utazamisha sauti ukitaka, ila briji haitarudi nyuma zaidi ya hapo. Uzi ukikatika, tano zilizobaki zinamaliza wimbo. Kispana cha milimita 3 kifunge kwenye mkanda wa gitaa, maana bila hicho huwezi kuvalisha uzi mpya hata ukiwa nao mfukoni.