Programu ya Hisa Ikikupotosha: Jitengenezee Kichujio Chako cha Soko la Nairobi

Programu nyingi za kuchuja hisa, yaani kuchagua hisa zinazotimiza masharti fulani, zimetengenezwa kwa masoko makubwa, ambako hisa hubadilisha mikono kila sekunde. Zikiletwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, NSE, hutoa ishara za uongo, na wanaoumia ni watu wanaochanga pesa zao kidogo kidogo. Nasaidia vyama vya uwekezaji hapa Kisumu, na malalamiko ya mtaa wa Kondele ndiyo ya Milimani: bei ya kwenye simu hailingani na ya dalali, hisa inaonyeshwa imeporomoka ilhali haikuporomoka, ada ya mwezi inakatwa na data ni ya juzi. Kabla hujalipia chochote, tengeneza jedwali lako la kompyuta (kama la Excel) la kampuni tano au sita unazozifuatilia. Litakuonyesha ni programu gani inastahili pesa zako.

Hatua ya 1: Hakikisha unasoma Nairobi

Kwenye Google Finance, herufi NSE ni za soko la kitaifa la India, lililoko Mumbai. TradingView huliita soko letu NSEKE, kwa hiyo Safaricom utaipata kwa kuandika NSEKE:SCOM. Tazama sarafu pia. KCB na Equity zimeorodheshwa Kampala na Kigali vilevile, na ukibonyeza jina bila kuangalia utajikuta unasoma shilingi ya Uganda au faranga ya Rwanda.

Hatua ya 2: Fungua jedwali

Kila kampuni ipe ukurasa wake. Safu A tarehe, B bei ya kufunga, C bei ya mwisho (tofauti yao iko Hatua ya 3), D idadi ya hisa zilizouzwa, E maelezo. Soko hufungwa saa tisa alasiri. Jaza jioni, na uhifadhi nakala kwenye simu, maana stima ikipotea katikati ya kazi hutaki kuanza upya.

Tarehe ndizo husumbua zaidi. Kompyuta nyingi huja na mpangilio wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Ukiingiza data yenye 03/04/2025 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, mashine itasoma Machi 4 na haitakuambia kitu. Tarehe 13 na kuendelea haiwezi kuzigeuza, kwa hiyo inazichukua kama maandishi tu na kuziacha nje ya hesabu. Unabaki na chati iliyochanganyika nusu na nusu iliyokosekana. Andika mwaka kwanza, 2025-04-03, na tatizo limekwisha.

Siku ambayo hisa haikuuzwa kabisa, rudia bei ya jana na kwenye safu D weka 0. Usiweke 0 kwenye bei hata siku moja! Kuna programu zinazofanya hivyo, na hapo kampuni nzima inaonekana imekufa kwa siku moja. Nyingine huiruka siku hiyo, hivyo wastani wa bei za siku 50 unaweza kuwa kwa kweli wastani wa miezi minne au mitano.

Hatua ya 3: Tenganisha bei ya kufunga na bei ya mwisho

Hapa ndipo ugomvi wa simu na dalali unapotoka. Bei ya kufunga kwenye orodha rasmi ya NSE ni wastani wa siku uliopimwa kwa wingi wa hisa. Programu nyingi huonyesha bei ya muamala wa mwisho.

Chukua mfano. Jana hisa ilifunga kwa shilingi 24. Leo hisa 50,000 zimeuzwa kwa shilingi 24, halafu dakika za mwisho mtu mmoja akanunua hisa 100 kwa 26. Simu itakuambia imepanda asilimia 8.3. Wastani wake? Jumla ni shilingi 1,202,600. Gawanya kwa hisa 50,100, unapata 24.00. Hakuna kilichopanda. Hesabu zako zote zifanye kwa safu B, na safu C ikusaidie tu kuelewa kwa nini simu inapiga kelele.

Hatua ya 4: Pitisha data kwenye kipimo cha asilimia 10

NSE hairuhusu bei kupanda au kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, isipokuwa kizuizi kikiondolewa kwa sababu ya tangazo kubwa la kampuni. Kwenye safu F, mstari wa tatu, andika =B3/B2-1 kisha uivute hadi chini. Mstari wowote unaozidi 0.1 au kushuka chini ya -0.1 una kosa la data, au kuna jambo kampuni imefanya. Usiufute kabla hujajua ni lipi.

Equity iligawanya kila hisa kuwa 10 mwaka 2009, na KCB ilifanya hivyo 2007. Data ambayo haikurekebishwa itaonyesha anguko la asilimia 90. Gawanya bei zote za kabla ya siku hiyo kwa 10, na idadi ya hisa uizidishe kwa 10. Gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, mimi silirekebishi, kwa sababu nataka kuona bei ambayo watu walilipa kweli. Naandika tu kwenye safu E siku hisa ilipoanza kuuzwa bila gawio, nisije nikaogopa ikishuka.

Hatua ya 5: Ondoa hisa zisizouzika

Safu G, =B3*D3, ni thamani ya mauzo ya siku. Tafuta wastani wa siku 20. Kama ni shilingi 80,000 na chama kina 200,000 za kuweka, kuingia kwenyewe kutainua bei, na kutoka kutakuwa kugumu zaidi. Kanuni yangu: agizo lisizidi sehemu moja ya kumi ya wastani huo, na hisa iwe imeuzwa angalau siku 15 kati ya 20. Kwenye soko letu kipimo hiki peke yake kitaondoa kampuni nyingi.

Hatua ya 6: Sasa chuja

Anza na masharti mawili: bei iwe juu ya wastani wa siku 50, na hisa zilizouzwa leo ziwe maradufu ya wastani wa siku 20. Linganisha na majibu ya programu unayotaka kulipia, wakati wa majaribio ya bure. Yakitofautiana, itake programu hiyo ikuonyeshe bei ilizotumia.

Hatua ya 7: Usifute zilizosimamishwa

Programu nyingi huondoa kampuni iliyotoka sokoni, kisha hujisifu kwamba mbinu zake zimefaulu miaka iliyopita. Zingefaulu vipi na kampuni ya sukari ya Mumias ikiwa ndani? Wakulima wengi wa miwa huku magharibi walikuwa na hisa zake, na biashara yake ilisimamishwa 2019. KenolKobil, kampuni ya mafuta, nayo iliondolewa mwaka huohuo baada ya kununuliwa na Rubis ya Ufaransa. Ziache zote kwenye jedwali, na safu E iseme kilichotokea.

Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020 ikarudi Januari 2025. Miaka yote hiyo bei haikusogea, na programu isiyojua itaiita hisa tulivu kuliko zote. Iliporudi, hesabu za wastani zilipaswa kuanza upya: subiri siku 50 za biashara ndipo uiingize kwenye kichujio.