Kurudi kwenye timu ya programu baada ya kujifungua

Nafasi ya mwanamke kwenye timu ya programu za kompyuta haipotei siku anapoanza likizo ya uzazi. Hupotea wiki chache kabla, pale kazi zake zinapogawanywa kwa mdomo tu, kisha miezi mitatu ikapita na hakuna anayekumbuka zilikuwa za nani.

Anza na barua. Nchini Kenya, kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakupa miezi 3 kwa mshahara kamili, mradi umjulishe mwajiri kwa maandishi angalau siku 7 mapema. Siku 7 ni kima cha chini. Anayeshika mifumo atoe taarifa miezi 2 kabla. Andika tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na kwamba siku zako za likizo ya mwaka zibaki palepale, kwani sheria hairuhusu zikatwe. Wakitaka cheti cha daktari au mkunga, ambatisha. Tuma kwa barua pepe, si WhatsApp: mameneja huhama na simu huibiwa.

Kisha waraka wa makabidhiano, kurasa 2 au 3. Kila mfumo upe aya moja: unafanya nini, uko kwenye seva gani, ukizima unawashwa vipi, nani anaushika kwa sasa. Hayo maneno "kwa sasa" yasikosekane. Yakikosekana, aliyekaimu hugeuka mwenye mradi, nawe ukirudi unapewa kazi ya kusahihisha tahajia kwenye skrini za wateja. Sheria inakurudisha kwenye kazi yako au nyingine inayofaa, kwa masharti yasiyo duni; lakini "inayofaa" ni neno la kubishaniwa, na waraka wenye jina lako ndio ushahidi.

Akaunti zako zisimamishwe, zisifutwe. La sivyo wiki ya kwanza utaimaliza ukiomba nywila.

Hesabu ngumu ni ya maziwa. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea: mahali pa kunawa mikono, friji, soketi, meza na kiti. Choo hakihesabiwi. Inakupa pia mapumziko yasiyozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi. Yagawe mara tatu, dakika 20 kila moja: saa nne asubuhi, saa saba, saa kumi. Yaweke kwenye kalenda ya timu kama muda usiopatikana, yajirudie kila siku, bila maelezo. Usipoyaweka mapema, mikutano itayameza.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 nje ya friji, siku 4 kwenye friji, na saa 24 kwenye mfuko wa baridi wenye pakiti zilizoganda. Kutoka Westlands, Nairobi, hadi Rongai jioni ya mvua, mfuko huo si anasa. Kosa la kawaida ni kuweka pakiti kwenye rafu ya kawaida ya friji ya ofisi: jioni zina baridi lakini hazijaganda, na zile saa 24 huzipati tena. Zigandishe nyumbani usiku kucha. Chupa ziandike tarehe na saa. Pampu iwe ya betri; stima hupotea hata kwenye majengo ya vioo.

Ukirudi, soma ripoti za hitilafu kabla ya msimbo mpya. Zinaonyesha mfumo umeumia wapi. Kufikia siku ya 3 peleka badiliko dogo, ujue kompyuta yako bado inajenga programu. Zamu ya kupigiwa simu usiku mfumo ukikwama, omba uondolewe kwa wiki 8, kisha urudi. Usiiache kabisa: anayezima moto mara nyingi ndiye anayepandishwa cheo, iwe haki au isiwe.

Mwisho ni tathmini ya mwaka. Umefanya kazi miezi 9, kwa hiyo malengo yapunguzwe kwa robo. Yadai kabla meneja hajaandika alama, kwani zikishaingia kwenye mfumo kuzibadilisha ni shughuli.